Jibu: Besi inaimeza kiki kwenye drum and bass

Mkuu, umeuliza kwa nini kwenye drum and bass, ule muziki wa elektroniki wa kasi, besi inaimeza kiki (mlio wa ngoma kubwa), na kwa nini ukicheza kwenye simu besi yenyewe haisikiki. Hayo ni mambo mawili.

Kwa kasi ya mapigo 174 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 345 tu. Kiki yenye mkia mrefu (mlio unaobaki baada ya kugonga) lazima igongane na noti ya besi. Fupisha mkia, kiki ipige kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 90 hadi 100, besi ya chini ikae hezi 45 hadi 55. Kisha weka kompresa (kifaa kinachoshusha sauti chenyewe) kwenye besi, iongozwe na kiki: kiki ikigonga besi ishuke, irudi ndani ya milisekunde 80 hivi. Ikichelewa zaidi utasikia besi inahema, inaudhi kweli.

Simu je? Spika yake haiwezi kutoa hezi 50 hata uongeze sauti vipi. Nakili besi, nakala itie distosheni (mkwaruzo unaoongeza sauti za juu), ukate kila kitu chini ya hezi 150. Sikio litajijazia sauti ya chini lenyewe.

Halafu besi ya Reese, ile ya mawimbi mawili ya sauti yenye umbo la msumeno, yaliyopishana kidogo tuni: chini ya hezi 120 ifanye mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Ukiiacha pana, klabu yenye mfumo wa mono mawimbi yanafutana.