Maswali na majibu: Kadutu mbili ndani ya faili moja

Mwalimu, tulikusanya bei za unga katika komine tatu za Bukavu. Nikifungua faili ya CSV (jedwali la maandishi) ndani ya R, programu ya takwimu, table(), inayohesabu kila jina, inanionyesha komine tano: Ibanda mara mbili, Kadutu mara mbili, Bagira. Kulikoni?

Kuna aliyeandika "Kadutu" kisha akagusa kibodi, ikabaki nafasi mwishoni. Jicho halioni, R inaona. Andika:

data$komine <- trimws(data$komine)

Ukitumia read.csv, unaweza kuongeza strip.white = TRUE, ila haigusi maneno yaliyo ndani ya alama za nukuu. Ndiyo maana mimi napendelea trimws. Anayesoma faili ya Excel moja kwa moja kwa read_excel (ya pakiti readxl) hana shida hiyo, nafasi za pembeni huondolewa zenyewe.

Nimefanya hivyo, lakini bei kama "2 500" zinageuka NA (alama ya R ya thamani isiyopo) nikitumia as.numeric kuzigeuza kuwa namba.

Hapa ndipo wengi wanapolala macho. Kwanza, trimws inafagia pembeni tu, katikati haifiki. Pili, sisi tunaandika maelfu kwa mtindo wa Kifaransa, na nafasi ile mara nyingi si ya kawaida. Iulize R namba ya msimbo ya kila herufi:

utf8ToInt(data$bei[1])

Ukiona 32 kati ya tarakimu, ni nafasi ya kawaida. 160 ni nafasi isiyokatika, ile inayozuia namba isigawanyike mwisho wa mstari. 8239 ni ndugu yake mwembamba. Zote tatu zinaondoka hivi:

data$bei <- as.numeric(gsub("[\u00a0\u202f ]", "", data$bei))

Kama kuna senti zilizoandikwa kwa koma, badilisha koma iwe nukta kabla ya as.numeric. Na tafadhali, gsub hiyo ni ya namba tu! Ukiipitisha kwenye majina, "Soko ya Kadutu" itakuwa "SokoyaKadutu".

Si afadhali nisafishe ndani ya Excel kwa SUPPRESPACE (TRIM ya Excel ya Kifaransa)?

Hapana. Inaondoa 32 za pembeni na zilizorudiwa, lakini inaacha 32 moja ya katikati, na 160 haiigusi. Tena faili ya wiki ijayo itakuja na uchafu uleule. Faili ya asili iache ilivyo, usafi uwe ndani ya skripti.

Seli za simu ni tupu, lakini is.na inasema FALSE.

Huenda zina nafasi, au ni maandishi matupu "", ambayo R haiyahesabu kuwa NA. Pitisha trimws, halafu:

data$simu[data$simu == ""] <- NA

Baada ya trimws, lakini kabla ya mstari huo wa NA, hesabu kwa sum(data$simu == "", na.rm = TRUE). Zikiwa nusu ya faili, rudi kwa waliokusanya.