Programu inaganda kwa -O2: kompaila ndiyo yenye kosa?

SWALI: Nina programu ya C yenye thredi mbili. Moja inajaza data kisha inaweka `tayari = 1`; nyingine inasubiri kwa `while (!tayari);`. Kwa -O0 (bila uboreshaji wa kompaila) inakwenda vizuri, kwa -O2 (uboreshaji ukiwashwa) inaganda. Nilipoongeza `volatile` iliacha kuganda kwenye kompyuta, ila kwenye simu ya ARM mara nyingine inasoma data ya zamani. Hii ni hitilafu ya kompaila?

JIBU: Hapana. Tangu C11 (kiwango cha C cha 2011), thredi moja ikiandika kigeu cha kawaida huku nyingine ikikisoma bila ulinzi wowote, lugha haikuahidi chochote. Kompaila inaangalia ndani ya kitanzi, haioni anayebadilisha `tayari`, basi inakisoma mara moja tu na kukiweka kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa). Kitanzi kinabaki kinaikagua rejista ambayo haitabadilika kamwe.

`volatile` inalazimisha usomaji urudiwe, lakini haihakikishi kwamba data inaonekana kabla ya bendera, yaani `tayari`. Kwenye x86 (prosesa za kompyuta nyingi) thredi nyingine huona maandishi ya kawaida kwa mpangilio yalivyoandikwa. ARM inaruhusu yapishane. Ndiyo maana simu ndiyo iliyofichua kosa.

Tangaza `atomic_int tayari` kutoka `stdatomic.h`. Andika kwa `atomic_store_explicit` yenye `memory_order_release`, soma kwa `atomic_load_explicit` yenye `memory_order_acquire`; hivyo anayeona `tayari` ni 1 huona pia data iliyoandikwa kabla yake. Rekebisha pande zote mbili. Upande mmoja hautoshi. Kisha jenga kwa `-fsanitize=thread -g -O1` (inawasha kikaguzi cha migongano ya thredi) uijaribu. Itakwenda polepole, kwa kawaida mara 5 hadi 15, lakini itakutajia mistari inayogongana.

Shaka ikibaki, toa asembli (maagizo ya prosesa yanayotolewa na kompaila) kwa `-S`. Pale `tayari` inapoandikwa, kwenye ARM64 tafuta `stlr` (uandishi wa release), au `dmb` (kizuizi cha mpangilio) inayotangulia `str` (uandishi wa kawaida). Kwenye x86 utaona `mov` tupu, na hiyo ni sahihi kabisa, tafadhali usiiripoti.

Ukikuta `tayari` inaandikwa kwa `str` tupu bila `dmb` kwenye ARM64, hapo kweli kompaila inashukiwa. Kwa Clang, ongeza `-mllvm -opt-bisect-limit=N`: hatua za uboreshaji zinazoweza kurukwa hukoma baada ya namba N. Gawa nusu kwa nusu. Hatua 1,000 zinamalizika kwa majaribio kama 10, nawe unabaki na ile moja inayoharibu. Punguza msimbo kwa C-Reduce (programu inayoukata hadi ubaki mfano mdogo wenye kosa), kisha uripoti pamoja na toleo la kompaila, amri kamili uliyotumia na jina la hatua hiyo.