Kuweka rekodi na kuvunja rekodi

Je, Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, alivunja rekodi ya dunia alipokimbia kwa 1:59:40 kule Vienna 2019? Hapana, hakuvunja. Rekodi ni matokeo bora yaliyothibitishwa na shirikisho linalosimamia mchezo, na zile 1:59:40 hazikuthibitishwa kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi, tena waongoza kasi, yaani wakimbiaji wa kumsaidia kushika mwendo, walikuwa wakiingia na kutoka kwa zamu. Rekodi yake wakati huo ikabaki ile ya Berlin 2018, 2:01:39. Sema aliandika historia, na hapo hakuna wa kukubishia: hakuna binadamu aliyewahi kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili kabla yake.

Kuhusu neno lenyewe: unavunja iliyopo, na papo hapo unaweka mpya. Ukilingana nayo umeifikia tu.

Mfano ninaoupenda ni Filbert Bayi wa Tanzania, Christchurch, New Zealand, Februari 1974, mita 1500. Aliongoza toka mlio wa bastola mpaka utepe, dakika 3:32.2. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili, nyuma yake tu, kwa 3:32.5, naye pia alikuwa amepita rekodi ya dunia ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1. Lakini aliyeandikwa ni Bayi peke yake, maana kufika kwa Walker rekodi ilishakuwa nyingine.

Ila ukisoma "avunja rekodi", tazama kwanza ni rekodi ya nini. Kuna ya dunia, ya taifa, ya mashindano yale tu, na kuna ya mwanariadha mwenyewe.