Ukinunua kishikwambi, chagua kioo kwanza

Zamani aliyetaka kioo kikubwa cha Apple hakuwa na ujanja: alinunua iPad Pro ya inchi 12.9, hata kama kazi yake ni kusoma PDF tu. Mei 2024 iPad Air ikatoka kwa inchi 11 na 13, na tangu hapo ukubwa ni jambo moja, nguvu ni jingine. Bei nazo zikapangika. Kwa Marekani, Machi 2025, iPad ya kawaida ilikuwa dola 349, mini 499, Air 599 au 799, Pro 999 au 1,299.

Anza na kioo. Inchi hupimwa pembe hadi pembe, hivyo 11 na 13 zinaonekana kukaribiana, kumbe eneo linaongezeka kwa karibu asilimia 40. Ukurasa wa A4 kwenye inchi 13 unakaribia ukubwa wake halisi. Kwenye 11 utakuwa unaukuza kwa vidole kila mara. Ila pima na uzito: mini gramu 293, Air ndogo 460, Air kubwa 616. Anayesoma amelala atazijua hizo gramu. (Ajabu ni kwamba Pro kubwa ina 579, nyepesi kuliko Air ya ukubwa huohuo.)

iPad ya kawaida na Air ndogo zote huitwa za inchi 11, na vioo vyote viwili ni inchi 10.86. Tofauti iko kwenye muundo: kioo cha juu cha Air kimegandishwa na skrini iliyo chini yake, cha ile ya kawaida kina uwazi katikati, kwa hiyo ncha ya kalamu huonekana kuelea juu ya mstari unaochora. Kwa filamu na barua pepe haina shida. Kwa mchoraji ni kero.

Mtego mkubwa uko kwenye nyongeza. Machi 2025 iPad ya kawaida ya GB 512 ilikuwa dola 649, zaidi ya Air ya GB 128. Ukijikuta unapandisha hifadhi mara mbili, rudi uangalie daraja la juu. Kalamu nayo: Pencil Pro haifanyi kazi kwenye iPad ya kawaida, na ile ya USB-C haihisi mgandamizo wa mkono. Air ndogo, Pencil Pro ya 129 na kibodi ya Apple ya 269 jumla zilikuwa 997, yaani karibu bei ya Pro tupu.

Samsung huweka kalamu ya S Pen ndani ya boksi la vishikwambi vyake vya Tab S, lakini kupunguza aina kwao kumewaacha baadhi ya watu bila ukubwa wanaoutaka. Tab S10 ya 2024 ilikuja kwa inchi 12.4 na 14.6 tu, S11 ya 2025 ikarudisha 11 na kuacha 12.4. Ukubwa unaoutaka ukiondolewa, toleo lililopita linafaa, ila hesabu miaka ya masasisho iliyobaki: S9 ya 2023 iliahidiwa miaka 5 ya masasisho ya usalama, S10 miaka 7.