Mleta uzi, hayo mapenzi ndiyo yenyewe

Mleta uzi, umeuliza mdogo wako wa kidato cha nne anapata nini kwenye riwaya za kisayansi zenye shujaa wa kike na mapenzi, maana wewe unaona ni utoto tu. Mimi nimezisoma tangu bwenini, na leo nina watoto wawili, bado nazinunua. Nitakujibu kwa kitabu ninachokijua vizuri, The Hunger Games cha Suzanne Collins, cha 2008.

Katniss ana miaka 16. Baba alifia mgodini, mama akazama kwenye huzuni, nyumba ikabaki mikononi mwake. Anaruhusiwa kuchukua mgao wa nafaka na mafuta, ila kwa kila mgao jina lake linaongezwa kwenye droo ya watoto wa kupelekwa uwanjani kuuana. Mwaka huo limo mara 20. Bwenini kwetu walikuwepo waliokuwa wakilea wadogo zao kila likizo. Hawakuhitaji kufafanuliwa.

Sasa mapenzi. Katniss yuko uwanjani na Peeta, kijana aliyepelekwa pamoja naye kutoka kwao. Wamejificha pangoni, Peeta jeraha la mguu limetunga usaha, kamera zinawatazama maana mauaji hayo yanaonyeshwa kwenye televisheni. Katniss anambusu. Muda si mrefu anakuta chungu cha mchuzi wa moto kimeshushwa, kimelipiwa na wafadhili, yaani watazamaji wanaotoa pesa kumsaidia mshindani waliyempenda. Anaelewa papo hapo: busu moja, chungu kimoja. Tangu hapo hajui kama anampenda huyu kijana au anaigiza ili wapone.

Nilipokuwa na miaka 17 kuna mtu alikuwa ananilipia nauli na vocha, na swali hilohilo lilininyima usingizi. Nampenda, au naihitaji nauli? Nyumbani lisingeulizika. Kuhusu Katniss tulibishana hadi taa zinazimwa, hata wale wasiosema neno juu ya maisha yao, kwa sababu Panem ni nchi ya kubuni ya wakati ujao na hakuna shangazi wa mtu atakayeambiwa.

Zipo mbovu, sikatai. Baada ya hiki kuuza sana zilifuata nyingi ambazo binti kazi yake ni kuchagua kati ya wavulana wawili, dunia inaungua pembeni. Hizo ziruke.

Ila mdogo wako akisome kabla ya filamu ya 2012. Kitabuni Katniss anasimulia mwenyewe, unasikia hesabu anazopiga kichwani huku anambusu Peeta. Kwenye filamu unaliona busu tu.