Kadi ya kamera inajikokota kwenye Linux

Ndugu yangu wa Kondele, umesema kadi yako ya GB 64 inajikokota tangu uifomati upya kwenye Linux, na picha za harusi zinakusubiri. Ningechunguza kwanza patisheni, yaani sehemu ya kadi iliyotengwa kuhifadhi faili. Kadi hufuta data kwa vitalu vikubwa. Patisheni ikianzia katikati ya kitalu, faili ndogo tu inaweza kuilazimisha kadi kugusa vitalu viwili.

Tafadhali nakili picha zote kabla ya lolote! Kisha andika lsblk, amri inayoorodhesha diski zote, uitambue kadi kwa ukubwa wake, maana ukikosea herufi moja ya jina lake utafuta diski ya kompyuta. Kwenye fdisk, programu ya kugawa diski, anzisha patisheni sekta ya 32768 (sekta ni kipande cha baiti 512), yaani MiB 16 tangu mwanzo wa kadi, aina 7 (ya exFAT), halafu uifomati kwa mkfs.exfat. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, kamera yako haitaisoma.