Jinsi ya kuutazama mchoro wa Repin, "Hawakumtarajia"

Mleta mada anauliza kwa nini mchoro huu wa Ilya Repin, mchoraji wa Urusi wa karne ya 19, unasifiwa sana, ilhali yeye anaona familia tu sebuleni na mgeni mlangoni.

Mkuu, tatizo ni pa kuanzia. Wengi huanza na uso wa yule mwanamume, aliyerudi ghafla kutoka uhamishoni kwa makosa ya kisiasa. Wanautafutia furaha au huzuni, wakikosa wanaondoka. Uso huo ulimsumbua hata Repin: mchoro ulionyeshwa mwaka 1884, naye akaendelea kuuchora upya hadi 1888, wakati Tretyakov, mkusanyaji wa sanaa, ameshaununua. Uliobaki ni uso wa mtu asiyejua kama atapokewa. Uache mwisho.

Anza na miguu. Buti nzito, koti la kahawia lililochoka, kofia mkononi: hayo si mavazi ya nyumba yenye piano. Kisha shuka sakafuni. Ni mbao tupu, na kati ya mwanamume huyo na mama yake mwenye nguo nyeusi hakuna kitu. Kwangu mimi nafasi hiyo ndiyo moyo wa mchoro. Mama ameinuka nusu, mkono bado uko kitini, na ametupa mgongo. Repin ametunyima uso wake, kwa hiyo mshtuko tunausoma kwenye mabega.

Watoto mezani wanakupa muda. Mvulana amechangamka, amemtambua. Binti mdogo amejikunyata na kumtazama kwa hofu. Bila shaka alikuwa mchanga sana baba alipochukuliwa. Mke yuko kwenye piano, mtumishi bado ameshika mlango.

Ukutani ndipo picha za simuni huharibu kila kitu, maana vitu ni vidogo na rangi imekolezwa. Turubai halisi, lililoko kwenye jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow, ni sentimita 160.5 kwa 167.5. Tafuta nakala kubwa, kisha ivute kipande kwa kipande. Utawaona washairi Shevchenko na Nekrasov, waliopendwa na wapinzani wa utawala, Yesu Golgota, na Tsar (mfalme wa Urusi) Alexander II, aliyeuawa na wanamapinduzi 1881, akiwa amelazwa maiti. Hapo unajua familia hii iliamini nini, na kwa nini mtu wao alikamatwa.

Ukikwama, tumia mbinu ya Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti aliyepima mwendo wa macho kwa mchoro huu huu. Alimpa mtazamaji swali jipya kila mara na dakika 3 za kutazama. Macho yakabadili njia kulingana na swali. Jiulize moja moja: Wana umri gani? Wana hali gani ya maisha? Walikuwa wakifanya nini kabla hajaingia? Amekuwa mbali muda gani? Ukiyachanganya, macho yatarukaruka tu kwenye nyuso.

Baada ya hapo linganisha na toleo dogo lililochorwa juu ya mbao, Repin alilolianza 1883, ambamo anayerudi ni msichana.